Kivukoni Kila Injini Ina Nguvu

Kutoka Feri hadi Posta hakuna mlima. Kutoka Posta hadi Mnazi Mmoja, Kariakoo na Gerezani hakuna mlima pia. Miinuko inayokumbukwa na madereva wa mjini ni Daraja la Nyerere la Kigamboni, lililofunguliwa 2016, na yale madaraja ya juu ya Tazara na Ubungo, na yote yanaisha kabla injini haijaanza kuhema. Ndiyo maana kila basi kuukuu la dizeli linalouzwa katikati ya jiji lina nguvu. Muuzaji atakwambia, "Bosi, hii ni mashine, kanyaga mwenyewe uone." Unakanyaga kwenye Barabara ya Kivukoni, unapita mbele ya Kanisa la Azania Front kitu kikiruka, unarudi ukitabasamu na kuhesabu pesa. Muuzaji hajasema uongo wowote. Barabara ndiyo iliyokudanganya.

Maelezo haya ni ya mtu anayetaka kununua Coaster, Rosa au Civilian iliyokwisha kutumika Japani, aing'oe viti na kuigeuza nyumba ya kutembea nayo: kitanda nyuma, jiko ubavuni, choo karibu na mlango. Wageni wamefanya hivyo miaka mingi, tukiwaona wakivuka kwa pantoni na malori yao ya kulala kwenda kupiga kambi kwenye fukwe za Kigamboni. Sasa zamu imefika kwetu, na mimi nafurahi kwa moyo wote. Mstaafu anayetaka kwenda Matema kuoga Ziwa Nyasa bila kuhangaika na gesti, familia inayopanda Moshi kila Desemba na babu, bibi na rundo la wajukuu, wana kila sababu ya kulala wanapotaka. Ninachowaombea ni wafike.

Kwanza kabisa, fumba macho. Utaonyeshwa mapazia, runinga, taa za buluu kwenye dari, na sofa la ngozi lililoshonwa juzi. Usiangalie. Anayechagua injini kwa kutazama sofa atalala kwenye sofa hilo hilo kando ya barabara, Ruaha Mbuyuni, kabla ya kuufikia mlima Kitonga wa njia ya Iringa, wauza vitunguu wakimpa pole. Urembo utauweka mwenyewe baadaye, na mafundi wa kuuweka hawakosekani Dar es Salaam. Nguvu ya injini huwezi kuishona.

Sasa fumbua macho, tupige hesabu. Ni hesabu ya darasa la saba, lakini wanunuzi wengi wanaikimbia. Nguvu moja ya farasi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye makaratasi ya magari ya Japani, ni uwezo wa kuinua kilo 75 mita moja juu kwa sekunde moja. Basi. Chukua nyumba yako ya tani 6. Kwenye tambarare ya kwenda Chalinze, ukitembea kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo mwisho wa sheria kwa gari la zaidi ya kilo 3,500 nje ya makazi ya watu, unahitaji farasi kama 50 tu kushinda upepo na msuguano wa matairi. Injini yoyote nzima inao hao. Sasa gari hilo hilo lipandishe mlima unaoinuka mita 8 kwa kila mita 100. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa utahitaji farasi 95 hivi. Ukitaka kupanda kwa kilomita 60, utahitaji karibu 150. Hapo ndipo mtu anapogundua kwamba alinunua gari la Kivukoni.

Ongeza na jambo ambalo mjini halionekani kabisa. Injini isiyo na tabo huvuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, na hewa hupungua kadiri unavyopanda. Inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kimo. Dar es Salaam uko usawa wa bahari, injini inakula hewa nzito. Iringa iko juu ya mita 1,500, Mbeya kama 1,700, na ukingo wa Kreta ya Ngorongoro unapita mita 2,200. Farasi 130 walioondoka Feri wakiwa 130 watafika Mbeya wakiwa 110 hivi, hata kama injini ni mpya. Tabo husukuma hewa ndani kwa nguvu na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Kwa mtu wa Dar anayeishia Bagamoyo, tabo ni anasa. Kwa mtu wa Mbeya, Njombe au Karatu, naihesabu kuwa sehemu ya injini.

Kwa hiyo swali la farasi wangapi wanatosha haliwezi kujibiwa na mtu asiyejua uzito wa gari lake, na hapa ndipo watu wanapojiumiza. Coaster tupu ina tani 3.5 hivi. Wajapani walipoipa viti 29 walimhesabia kila abiria kilo 55, jumla tani 1.6, ikawa tani 5 na kidogo gari likijaa. Huo ndio uzito ambao breki, springi na injini viliandaliwa kuubeba. Nyumba yako lazima iingie ndani ya ile tani 1.6, ukiongezea uzito wa viti ulivyong'oa. Inaonekana nyingi. Lita 200 za maji ni kilo 200. Betri mbili za sola za aina ya zamani zinapita kilo 100. Jenereta, friji, mtungi wa gesi, tairi la pili la akiba, majembe na mnyororo kwa ajili ya tope. Halafu nenda Keko ukamwambie fundi akutengenezee kitanda na makabati. Atakuuliza mbao gani, nawe kwa fahari utasema mninga. Mita moja ya ujazo ya mninga mkavu inapita kilo 600. Ni mbao nzuri kuliko zote za nyumbani, na iache nyumbani. Kwenye gari weka plaiwudi nyembamba na fremu ya alumini. Wapo pia wanaotaka vigae bafuni. Hao nawasihi watumie karatasi ya plastiki ukutani na wanunue vigae siku watakapojenga.

Na babu yako hana kilo 55.

Kila tani moja unayoiongeza inakula farasi 15 zaidi kwenye ule mlima wangu wa mfano kwa kilomita 40 kwa saa. Kwa lugha nyingine, mtu anayepunguza tani moja ya makorokoro amejiongezea farasi 15 bure, bila fundi na bila kuongeza dizeli. Hakuna spea Kariakoo itakayokupa faida hiyo kwa bei hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuhangaika na injini kubwa, pima gari. Mizani ya Vigwaza ipo hapo Mkoa wa Pwani, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inayagusa magari ya kuanzia tani 3.5, kwa hiyo lazima upite hapo. Ni afadhali uijue namba yako kabla ya kuambiwa na afisa.

Tuje kwenye injini zenyewe. Tangu Oktoba 1, 2003, Tokyo na mikoa mitatu jirani, Saitama, Chiba na Kanagawa, ilipiga marufuku magari ya dizeli ya kibiashara yasiyokidhi viwango vya moshi. Mabasi mengi mazima, yaliyotunzwa vizuri, yalikosa kazi huko na kutafuta bandari nyingine. Coaster ya umbo linalojulikana zaidi hapa, iliyotoka 1993 na kudumu hadi kuingia kwa toleo la 2017, ilifungwa injini nyingi tofauti, na dalali akikwambia "ni Coaster" hajakwambia kitu. Muulize namba ya injini.

1HZ utaijua hata usiku: silinda 6, lita 4.2, haina tabo, farasi kama 130. Ndiyo iliyojaa kwenye Land Cruiser za watalii kule Arusha, kwa hiyo spea zake zipo hadi vijiji vya ndani, na fundi wa Mafinga anaifungua kwa kumbukumbu. Kwa nyumba isiyozidi tani 5 na mtu asiye na haraka, naipendekeza bila kusita. Ndugu zake wenye tabo, 1HD-FT na 1HD-FTE, wana ukubwa ule ule lakini farasi wanapita 160. Ukiipata nzima, huo ni mzigo wa dhahabu, ila nozeli na pampu zake zinahitaji mtu anayejua. Zipo za silinda 4, kama 14B ya farasi 100 hivi. Hizo ni ngumu, hazifi kirahisi, na zinafaa kwa mtu anayebeba wanafunzi mjini. Kuipandisha nyumba ya tani 6 Kitonga kwa 14B ni kuitesa na kuwatesa walio nyuma yako. Kisha kuna N04C ya Hino, iliyoanza kuonekana kwenye Coaster za baadaye: silinda 4, lita 4.0, tabo, mfumo wa kompyuta, farasi 150 na kwenye matoleo makubwa 180. Inapanda vizuri sana na inakula dizeli kwa adabu. Lakini dizeli yenye maji au uchafu inaiua, na kompyuta yake haisomwi na fundi mwenye spana na nyundo. Ukiichagua, badilisha chujio la dizeli mapema kuliko kitabu kinavyosema, na usijaze mafuta ya kwenye madumu.

Kwa Rosa utakutana na 4D33, lita 4.2 bila tabo, na 4D34 yenye lita 3.9 na tabo. Usidanganywe na lita. Kwenye mlima, 4D34 yenye tabo nzima itamwacha mwenzake. Civilian nyingi zina TD42, silinda 6, tamu na ya utulivu, nayo ina tabia kama za 1HZ.

Namba hizo zote ni za siku gari lilipotoka kiwandani. Unachonunua Dar es Salaam ni zile zilizobaki. Hapa ndipo nataka uwe mkali kuliko kwenye bei.

Fika asubuhi bila kupiga simu ya kutangaza ujio wako. Kabla ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, imewashwa ili usione inavyoamka, na unayo haki ya kusema utarudi kesho. Ikiwa baridi, iwashwe wewe ukiwa umesimama nyuma kwenye egzosti. Moshi mweupe kidogo unaopotea haraka si tatizo. Mweupe unaodumu na kunukia dizeli ni kompresheni ndogo au nozeli mbovu. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi unapokanyaga ni dizeli nyingi kuliko hewa, na mara nyingi maana yake ni kwamba fundi ameifungua pampu ili gari liruke kidogo mbele ya mteja. Gari la namna hiyo ndilo linalopendeza zaidi Kivukoni na kuchemsha mapema zaidi Kitonga.

Injini ikiwa inaunguruma, fungua kifuniko cha oili na ukiweke kimelala juu ya tundu. Kikitetemeka tu pale pale, vema. Kikirushwa, au moshi ukipuliza kwa mapigo, gesi zinapita kando ya ringi za pistoni na wale farasi 130 ni historia. Tazama ndani ya rejeta: maji yenye rangi ya kutu yanakueleza kwamba gari limeishi kwa maji ya bomba. Maji yenye mng'ao wa mafuta yanakueleza ufunge mkoba uondoke.

Kisha uliza kuhusu thamostati, na usikilize vizuri jibu. Mafundi wengi wa hapa wanaitoa na kuitupa wakiamini ndiyo inayochemsha gari. Kwenye 1HZ thamostati ina kazi mbili: kufungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na wakati huo huo kuziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupoozwa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi. Mjini hutaona kitu, injini haijatolewa jasho. Mlimani, sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kufika kwenye rejeta hata kidogo, na gasketi ya silinda hedi inalipa. Kipuri hiki kidogo kimewaharibia watu injini za mamilioni, na inaniuma kwa sababu kinapatikana Gerezani kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wachache. Kirudishwe, tena kiwe halisi.

Mkanda wa taimingi wa 1HZ na ndugu zake hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama hakuna karatasi ya kuthibitisha, ubadilishe siku unayonunua. Maneno ya "ulibadilishwa juzi tu" hayafungui vali.

Wapo watakaokushauri ununue 1HZ ya bei nafuu halafu ufunge tabo ya dukani. Inawezekana, na wapo wanaoifanya vizuri: msukumo mdogo, dizeli iliyopimwa na mtu mwenye mashine ya kupima pampu, na geji ya joto la moshi mbele ya dereva. Bila geji hiyo usijaribu. Pistoni na hedi za injini hii hazikuchorwa kwa ajili ya joto la tabo, na kwenye mlima mrefu ndiko joto hilo linakopanda kimyakimya hadi hedi ipasuke.

Baada ya hayo yote, toka mjini. Pakia mzigo wa kweli: watu wazima wa kutosha, au mifuko ya saruji, mpaka gari likaribie uzito wa nyumba yako. Shika Barabara ya Nyerere, pita uwanja wa ndege, Gongo la Mboto, Pugu, upande hadi Kisarawe. Ndicho kilima cha karibu kitakachokwambia ukweli. Washa kiyoyozi. Panda kwa gia moja bila kuhangaika, macho yakiwa kwenye geji ya joto. Sindano ikisimama katikati, rudi chini upande tena. Mara ya pili ndiyo inayofichua rejeta iliyoziba. Sikiliza feni, nusa, muulize aliyekaa nyuma kuhusu rangi ya moshi. Ukifika juu, simama bila kuzima, uone kama sindano inashuka au inaendelea kupanda.

Wengi wanaishia hapo, kwenye kupanda. Lakini anayepanda Kitonga kwenda Iringa atashuka Kitonga akirudi, na pale nguvu ya injini ina kazi nyingine: kulizuia gari. Nilimuuliza dereva mmoja mzee wa malori ya Tunduma, aliyekuwa akinywa kahawa Gerezani, farasi wangapi wanatosha. Baada ya shikamoo na marahaba, hakujibu swali langu.

"Mwanangu, mlima unaupandia gia gani?"

"Ya pili, mzee."

"Basi ushukie hiyo hiyo ya pili. Na uiingize ukiwa bado juu, usisubiri kuitafuta ukiwa unateremka."

Injini ya dizeli haina kizuizi cha hewa kama ya petroli, kwa hiyo ukiachia mafuta haishikilii gari sana. Ndiyo maana Coaster na Rosa nyingi zilifungwa breki ya egzosti, ile valvu inayoziba njia ya moshi ili injini ikaze. Muuzaji akikuonyesha swichi yake, iwashe ukiwa mwendoni na usikilize gari linavyojivuta. Nyingi zimekatwa waya, au valvu imeganda kwa masizi na hakuna aliyejali, kwa kuwa mjini haina kazi. Itengeneze kabla ya kununua godoro. Kuhusu kushuka na niutro ili kubana dizeli, nasema wazi: ni kujiua, na kuua watu wa gari linalokuja mbele. Gari la tani 6 likishaungua breki kwenye mteremko halisimamishwi na farasi wa aina yoyote.

Hukumu yangu ni hii. Ukibaki Pwani, Tanga mjini na Morogoro, farasi 20 wazima kwa kila tani wanatosha na dizeli itabaki mfukoni. Ukiwa mtu wa Iringa, Mbeya, Lushoto au Karatu, tafuta 25 hadi 30 kwa kila tani, injini iwe na tabo, na ukikosa injini ya kiasi hicho, punguza nyumba. Tani 5 zenye 1HZ nzima na mtu mvumilivu usukani zitafika Matema. Tani 7 zenye injini yoyote iliyochoka zitafika Ruaha Mbuyuni.

Na muuzaji akikataa gari lisipande Kisarawe likiwa na mzigo, usibishane naye wala usimwombe punguzo. Mrudishie funguo, mshukuru, panda mwendokasi urudi nyumbani na pesa yako.